Sabuni ya Dirishani

Mtaani wanamwita Mama Vioo, na ukimuulizia kwa jina lingine utazungushwa mpaka uchoke. Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya duka la vioo vya madirisha, duka lile lile alilofanyia kazi tangu usichana wake. Alianza kwa kufagia vipande. Mwenye duka, mzee mkimya mwenye vidole vilivyojaa makovu, alimwona akivipanga vile vipande kwa rangi badala ya kuvitupa, akamwambia, "Kama unavipenda hivyo, basi jifunze kuvikata." Akajifunza kukata. Kuyeyusha hakufundishwa na mtu. Aliunguza, akapasua, akaunguza tena, mpaka tanuri likamzoea.

Tanuri lenyewe ni la umeme, kubwa kama friji iliyolazwa chali. Ndani yake hupika vitu vya wanawake, vile ambavyo hakuna anayevitazama mara mbili: vibanio vya nguo, chujio la chai, kichwa cha ufagio kilichopinda upande mmoja kwa sababu mwenyewe anatumia mkono wa kushoto. Aliwahi kutengeneza ndala ya kioo kutokana na ndala ya mama muuza mboga, imelika kisigino kama ile ya kweli. Yule mama alipoiona aliizungusha mkononi, akasema, "Sasa hii nitaivaa kwenda wapi, mbinguni?" Lakini hakuiweka chini upesi.

Njia ya kazi yake nitakueleza, maana bila hiyo hutanielewa huko mbele. Anachukua kitu chenyewe, anakimiminia plasta nyeupe mpaka kizame, plasta ikikauka inakuwa kalibu. Kisha kitu kinatolewa ili pabaki tundu lenye umbo lake. Kama hakitoki kizima kinachokolewa vipande vipande, na masalia yanaungua motoni. Tundu linajazwa vipande vya kioo, kalibu inaingia tanurini, kioo kinayeyuka na kukaa mahali pa kile kitu. Halafu kinaachwa kipoe polepole, siku kadhaa, bila kuguswa, maana ukifungua mlango kwa pupa kinapasuka chote. Ukimaliza unapata kioo chenye kila mkwaruzo wa kitu cha awali. Kitu cha awali hakirudi. Hilo likukae kichwani.

Mwaka ule alipata wazo la sabuni. Alikuwa ananawa vumbi la plasta kwenye sinki ya karakana, akatazama kipande kilichobaki kwenye kisahani, akaona kimelika kwa namna ya mkono wake kabisa. Akajiuliza vya wengine vikoje. Akaanza kupita kwa wanawake anaowajua, akiomba vipande vya mwisho, vile ambavyo watu huvitupa au huvibandika kwenye kipande kipya.

"Unakusanya sabuni, Mama Vioo?" muuza mkaa alimuuliza. "Kwani kwenu mmechafuka kiasi hicho?"

"Nakusanya mikono."

"Basi chukua na huu wangu, umechoka. Nirudishie mwingine."

Alipewa vingi. Cha muuza mkaa kilikuwa kimechimbika kama kijiko, kina weusi usiotoka. Cha muuguzi wa zahanati kilikuwa chembamba kama jani, maana yule ananawa kutwa nzima lakini mbio mbio. Mama mwenye nyumba ya wapangaji alileta kilichotobolewa katikati na kufungwa uzi, wapangaji wasiondoke nacho. "Uzi nirudishie," alisema, na hakuwa anatania. Sabuni hakuna aliyetaka kurudishiwa, kwa hiyo Mama Vioo hakuwa na haja ya kutoa nakala kwanza. Alizizamisha zenyewe kwenye plasta, moja baada ya nyingine.

Sasa tuje kwa Dada.

Dada ndiye mkubwa wake, wamezaliwa wawili tu. Dada ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi, akaolewa humo humo, akafiwa na mume humo humo, na ndiye aliyemuuguza mama yao mpaka mwisho. Mama Vioo naye alikuja katika miezi ile ya ugonjwa. Alikuja, ndiyo, lakini alikuja kama mgeni, na matunda kwenye mfuko na macho kwenye saa, kwa sababu kule karakanani tanuri lilikuwa linawaka na tanuri likishawashwa haliachwi. Siku mama alipofariki, kazi ilikuwa inapoa. Alipigiwa simu, akafika wakati wanawake wameshamaliza kumwosha.

Nyumba ile siku hizi ina Dada, mtoto wake wa kiume, mke wa huyo mtoto na watoto wao. Mke huyo wanamwita Biharusi. Ameshazaa, ananyonyesha wa mwisho, kitambaa cha kichwa hakimkai sawa kwa shughuli, lakini jina alilokuja nalo siku ya kwanza limemganda.

Jumapili moja Mama Vioo alienda kula kwa Dada, akaingia kunawa kwenye chumba kidogo cha kufulia nyuma ya jiko. Kwenye ukingo wa dirisha, juu ya kifuniko cha kopo, kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Kikavu, kimepasuka nyufa ndogo kama udongo wa kiangazi. Upande mmoja kilikuwa na bonde moja tu, refu, laini, limeteremka ndani kuliko bonde lolote aliloliona katika vile alivyokusanya. Alikishika. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Akakifunga kwenye karatasi ya chooni, akakitia mkobani.

Alikusudia kuuliza. Sisemi hivyo kumtetea, alikusudia kweli. Lakini alipotoka, mjukuu wa Dada alikuwa amevunja mtungi wa maji ya matunda, yametapakaa mezani, kila mtu kasimama na kitambaa mkononi, mtoto analia, Biharusi anaokota vigae, na mazungumzo yakaenda kwingine. Njiani akakumbuka. Akajiambia, kipande cha sabuni tu, nitamwambia nikienda tena.

Kipande hakikutoka kwenye plasta kizima. Kilivunjika makombo, akayachokoa kwa kijiti akayafagia mezani, na yaliyobaki yakaungua. Karakana ikajaa harufu ya nguo zilizoanuliwa juani. Aliipenda harufu hiyo na hakujiuliza anaijulia wapi.

Kioo kilipopoa, alivunja kalibu, akakisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka kikawa kama barafu iliyoanza kuyeyuka, chenye kijani hafifu cha ukingo wa kioo cha dirisha. Zile nyufa zote zilikuwamo. Akaweka kidole gumba chake kwenye bonde, kikatua mle kama kilichongewa hapo. Akatabasamu. Alidhani ni ustadi.

Alirudi kwa Dada maonyesho yakiwa yamekaribia. Akakuta makabati yamefunguliwa, mazulia yamekunjwa, na jirani yao mshonaji amekaa katikati ya sebule na nguo ya mtu mapajani, akipindia huku akifuatilia.

"Karibu," Dada alisema bila kugeuka. "Usikae hapo. Kaa pale, pale nimeshatafuta."

"Unatafuta nini, Dada?"

"Sabuni ya mama."

Mama Vioo aliketi.

"Sabuni ipi?"

"Ipi. Ananiuliza ipi. Ile ya dirishani kule nyuma." Dada alinyanyua mto, akatazama chini yake, akaurudisha. "Mama alivyozidiwa, kila kitu nilimfulia mimi. Shuka, nguo, kila kitu. Leso zake akakataa. Alikuwa anasema leso ni ya mtu mwenyewe. Nikawa namwekea beseni mapajani, anafua pale pale kitandani, mpaka maji yapoe. Na kile kidole chake cha shahada kilikuwa hakikunji tena, kwa hiyo anakandamiza kwa gumba tu. Hivi." Akaonyesha, gumba likiteleza kwenye hewa. "Sabuni ikachimbika gumba lake. Wewe hukuwepo, usingejua."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ubaya. Ndiyo maana yalipenya.

"Na mimi namwambia," mshonaji alisema, uzi mdomoni, "kitu cha marehemu unakifungia kabatini. Unakiacha chumba cha kufulia, pamoja na sabuni nyingine?"

"Nilitaka nikifua niione."

Biharusi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Dada hakumtazama alipoendelea. "Nepi za mtoto zinafuliwa pale pale. Mtu akiishiwa sabuni ananyoosha mkono dirishani, anamaliza kazi yake. Halafu anasema hajui."

"Mama, nilishasema sikuigusa," Biharusi alisema. "Sabuni zipo. Mche mzima uko chini ya sinki, haujakatwa."

"Kwa hiyo imeota miguu."

"Sijui, Mama."

Hapa Mama Vioo alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi, maneno machache tu, na wote walikuwa wamenyamaza kana kwamba wamempisha. Kilichotoka ni, "Labda panya. Panya wanapenda sana sabuni."

"Panya wa siku hizi," mshonaji alisema, "hata wao wananawa."

Dada hakucheka. Lakini Biharusi alimtazama mama mdogo wa mume wake kwa macho ya shukrani, na baadaye alipomsindikiza mpaka barabarani alimwambia, "Ahsante, Mama Mdogo. Umenisaidia sana."

Sijui kama umewahi kushukuriwa kwa jambo la namna hiyo. Mama Vioo alitembea njia nzima akipanguza mikono kwenye sketi yake, na mikono ilikuwa mikavu.

Maonyesho yalifunguliwa katika ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la nafaka. Aliziweka sabuni za kioo kwenye meza moja ndefu, kila moja juu ya chombo ilichokuwa inakaa kwa mwenyewe: kisahani, kifuniko, kipande cha kigae, kopo la sadini. Mbele ya kila moja kulikuwa na kikadi kilichoandikwa kwa mkono, nani na anafua nini. Na mbele ya ile yenye bonde la gumba aliandika: *Mwenyewe hajulikani.*

Aliandika hivyo baada ya kujua. Kalamu ilikuwa yake, na muda alikuwa nao.

Wanawake wenyewe walikuja wamevaa vizuri. Muuza mkaa alikwenda moja kwa moja kwenye yake, akakaa nayo kama mtu aliyekutana na ndugu kituoni. "Hata weusi umeniondolea," alisema. "Ningejua ningeleta na uso." Mama mwenye wapangaji aliuliza uzi wake uko wapi. Lakini wote, wakishamaliza kujitazama, waliishia mahali pamoja, kwenye ile isiyo na mwenyewe. Muuguzi aliinama juu yake muda mrefu.

"Huyu, mkono ulikuwa unamuuma," alisema. "Lakini hakuacha kufua. Hukumuuliza jina lake?"

"Sikumuuliza," Mama Vioo alisema. Na hilo lilikuwa kweli kabisa, kwa namna mbaya.

Watu walimpa mkono, wakamwambia kazi ile imewagusa, hasa hiyo moja. Kila sifa ilipofika alijiona anafungua ule mkoba upya. Dada hakuja. Alituma salamu kwamba hana moyo wa kutoka.

Mama Vioo akajipa moyo kwamba mambo ya nyumbani huwa yanachoka yenyewe, yakaisha bila mtu kuyamaliza. Alipokwenda tena akakuta kweli yamekwisha, ila yamekwisha vibaya. Mazulia yamerudi mahali pake. Dada amevaa gauni la kutokea, sauti imeshuka, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kulipa nadhiri.

"Yamekwisha, mdogo wangu," alisema. "Amekiri. Alikuja mwenyewe, akapiga magoti pale, akasema, Mama, ni mimi, niliishiwa sabuni nikafulia nepi. Nimemsamehe."

"Amemsamehe," mshonaji alithibitisha. Alikuwa amekaa pale pale, ila nguo mapajani ilikuwa nyingine.

"Vijana hawajui thamani ya vitu. Nitafanyaje? Nimemsamehe."

Biharusi aliingia na chai. Aliweka vikombe bila kuinua macho, na Dada akampokea kwa upole mwingi, "Ahsante, mwanangu," upole ambao hakuwahi kuwa nao zamani walipokuwa wakigombana kama watu wa kawaida. Akaja mgeni mwingine, mama wa nyumba ya pili, kuomba kuazima ungo. Kabla hajaondoka alikuwa ameshaelezwa habari nzima, tangu beseni mapajani hadi magoti, na mwisho wake, "Lakini nimemsamehe." Biharusi alikuwa hapo hapo, amesimama na sinia tupu.

Mama Vioo alimfuata jikoni.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Biharusi alifungua bomba, akaosha kikombe kisafi. "Kwa sababu hakuna mwingine, Mama Mdogo. Mume wangu hajawahi kufua hata soksi. Watoto hawafiki dirishani. Panya wako tulimtega, hakuja. Nimebaki mimi."

"Lakini hukuichukua."

"Sikuichukua." Alikiweka kikombe kwenye kichanja. "Nilikuwa nasikia analia chumbani, halafu anatoka ananiangalia. Nikaona akipata mtu wa kumkasirikia atapumzika. Sikujua kusamehewa kunachosha hivi. Nilipokuwa nakataa nilikuwa nalala. Sasa nikishika sabuni tu, nageuka nyuma kuona kama kuna anayenitazama." Alifunga bomba. "Wewe peke yako ndiye unayeniamini. Wala sijui kwa nini."

Angalia sasa alipofika. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Jambo lilikuwa limeshapata mwenyewe, limeshasamehewa, limeshazungushwa mtaa mzima na kurudi. Kioo kilikuwa kinasifiwa. Dada alikuwa amepoa. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa amebebeshwa, naye alikuwa amejitwisha kwa mikono yake. Mama Vioo alijaribu kujiambia hayo yote karakanani, akiwa na kalibu mpya mbele yake, na plasta ikamgandia kwenye ndoo kabla hajaimimina. Haijawahi kumtokea tangu aanze kazi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni pa ukumbi kabla haujafunguliwa. Akaiondoa ile sabuni mezani, akaifunga kwenye kitambaa.

"Unaipeleka wapi?" msimamizi wa ukumbi aliuliza. "Watu wanakuja kwa ajili ya hiyo."

"Naipeleka kwao."

Alimkuta Dada sebuleni, mshonaji yupo, na hilo lilimfaa, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba kilichosemwa mbele ya watu kitafutwa mbele ya watu. Akamwita Biharusi kutoka jikoni. Biharusi akaja akikausha mikono, uso umeshajiandaa kusamehewa tena.

Mama Vioo aliweka kitambaa mezani, akakifungua.

Dada aliitazama kwanza bila kuelewa. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua, na gumba lake likaenda bondeni lenyewe. Likakaa. Alilitelezesha mbele na nyuma, vile alivyoonyesha hewani siku ile.

"Umeitoa wapi?" Sauti haikusikika vizuri.

"Niliichukua mimi, Dada. Ile Jumapili ya maji kumwagika. Nilidhani ni kipande tu. Nikaifanyia kazi."

"Hii si yenyewe. Hii ni kioo."

"Ni umbo lake."

"Yenyewe iko wapi?"

Mama Vioo alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kueleza plasta na tanuri. Hayakuja. "Iliungua," alisema.

"Yote?"

"Yote. Haiwezi kurudi."

Mshonaji alikuwa ameacha kushona. Nje mtu alikuwa anapiga zulia.

"Kwa hiyo siku ile nafukua nyumba nzima," Dada alisema, "wewe umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa pale."

"Ukasema panya."

"Nikasema panya."

"Hukuitambua." Dada hakuwa anauliza. "Sabuni ya mama yako umeishika mkononi, hukuitambua."

Hilo ndilo Mama Vioo alilokuwa akilikimbia tangu mwanzo, zaidi ya wizi, zaidi ya panya. Alitikisa kichwa. Angetaka kulia, lakini alijua akilia watambembeleza, akajizuia.

Dada alimgeukia Biharusi. "Na wewe. Ulipiga magoti kwa lipi?"

"Mlikuwa mnataka mtu, Mama. Nikawapa."

"Nimekusamehe mbele ya watu wangapi?"

Mshonaji ndiye aliyejibu, polepole, akitafuta sindano yake kwenye kitambaa. "Jirani, mimi peke yangu nimesikia mpaka nimeikariri."

Dada alikaa na lile jibu. Aliiweka sabuni ya kioo mezani taratibu, akainuka, akapita jikoni mpaka chumba cha kufulia. Wakasikia bomba. Biharusi akamfuata mbio, akamkuta amekunja mikono ya gauni la kutokea na anafua ndoo ya nepi.

"Mama, acha, hiyo ni kazi yangu."

"Kaa chini," Dada alisema. "Kaa unitazame mimi."

Alifua ndoo nzima. Biharusi alikaa kwenye kigoda, hajui mikono aiweke wapi. Mama Vioo alisimama mlangoni. Dada alipomaliza kusuuza ya mwisho, akaikamua, akasema bila kumgeukia, "Wewe nawe usiniombe msamaha leo. Nimeshaona kusamehe kwangu kunavyofanya kazi."

"Sikuombi, Dada."

"Kile kioo kirudishe kwa watu wako. Lakini andika ni cha nani. Na andika kilipatikanaje."

Mama Vioo alirudi ukumbini siku hiyo hiyo. Msimamizi alisoma kikadi kipya, akasema kingewachanganya wageni, pengine kifupishwe kidogo. Mama Vioo akasema hapana. Kikakaa hivyo mpaka mwisho: *Sabuni ya mama yetu, aliyokuwa akifulia leso zake. Niliichukua bila kuomba. Aliyelaumiwa hakuigusa.* Muuguzi aliporudi kutazama mara ya pili, alikisoma, akamtafuta Mama Vioo kwa macho upande wa pili wa meza, kisha akaondoka.

Maonyesho yalipofungwa, aliipeleka kwa Dada. Iko dirishani, juu ya kifuniko kile kile. Mchana mwanga unapita ndani yake na kuanguka kwenye sinki. Mjukuu mmoja alipopata urefu wa kuifikia aliilowesha, akaisugua kwenye soksi kwa bidii, akaja kulalamika kwamba imeharibika, haitoi povu. Dada alimwambia ndiyo, imeharibika, airudishe alipoitoa.

Mama Vioo bado huenda kula kule Jumapili. Amerudi zaidi ya zamani, na saa haivai. Dada humwekea chakula, huongea naye habari za mtaa, hucheka naye pia. Neno lile la msamaha hajalisema, na Mama Vioo hajaliomba. Ila akiinuka kwenda kunawa, Biharusi huinuka naye. Huchukua sabuni ya kunawia mwenyewe, akamtilia kiganjani kwa heshima zote, "Hii hapa, Mama Mdogo," kisha akasimama pembeni na taulo begani. Mama Vioo hunawa chini ya ile ya dirishani, bila kuinua macho. Akimaliza, mkono wa Biharusi unakuwa umeshanyooshwa, kiganja wazi, unasubiri sabuni irudi.